Karel Havlíček Borovský: Mhariri Aliyeifundisha Nchi Yake Katiba kwa Habari na Tashtiti

Na Mwandishi Wetu

Mei 3 ya kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1993 kufuatia Azimio la Windhoek la mwaka 1991. Siku hiyo huwakumbusha wananchi na watumishi wa umma kwamba uhuru wa kutoa na kupokea habari haukuja wenyewe, bali ulijengwa na watu, na baadhi yao waliulipia kwa maisha yao. Mmoja wa watu hao ni Karel Havlíček Borovský, mwandishi wa habari, mhariri na mshairi wa tashtiti wa taifa la Wacheki, aliyefariki dunia mwaka 1856 akiwa na umri wa miaka 34.

Havlíček aliishi katika kipindi ambacho Dola ya Austria, iliyotawaliwa na ukoo wa Habsburg kutoka Vienna, ilitikiswa na mapinduzi ya mwaka 1848. Katika miaka isiyozidi minne, wananchi wa dola hiyo walishuhudia kufutwa kwa udhibiti wa magazeti, kuitishwa kwa Bunge, kutangazwa kwa Katiba na hatimaye kufutwa kwa Katiba hiyohiyo. Katika hatua zote hizo Havlíček alikuwa mezani kwake akiandika, na wasomaji wake walifuatilia mabadiliko ya nchi yao kupitia kalamu yake.

Kuzaliwa na elimu

Havlíček alizaliwa Oktoba 31, 1821 katika kijiji cha Borová, nchini Bohemia, sehemu ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Jina la Borovský, aliloanza kulitumia kama jina la uandishi, lilitokana na kijiji hicho. Baba yake, Matěj, alikuwa mfanyabiashara, na familia ilihamia baadaye katika mji wa Německý Brod, ambako kijana huyo alipata sehemu ya masomo yake ya sekondari. Wakati huo lugha ya ofisi, ya shule za juu na ya wenye vyeo ilikuwa Kijerumani. Kicheki kilikuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya shambani, na waliotaka kukiinua kiwe lugha ya elimu na siasa walikuwa wachache.

Baada ya masomo ya falsafa mjini Praha, mwaka 1840 alijiunga na seminari kwa nia ya kuwa padri. Aliamini kuwa padri anayeishi karibu na watu wa kawaida angeweza kulitumikia taifa lake vizuri. Hata hivyo, fikra zake huru na ulimi wake mkali havikupatana na mazingira ya seminari, na mwaka 1841 aliondolewa. Tangu hapo alijisomea mwenyewe historia, siasa na lugha za jamaa ya Kislavoni, zikiwemo Kipolandi na Kirusi.

Mwaka 1843, kwa pendekezo la mtaalamu wa lugha Pavel Josef Šafařík, alikwenda Moscow kuwa mwalimu wa nyumbani katika familia ya profesa Stepan Shevyrev. Wakati huo vijana wengi wa Kicheki waliitazama Urusi kama kaka mkubwa ambaye siku moja angewaokoa Waslavoni wote. Havlíček naye alikwenda akiwa na matumaini hayo. Aliyoyaona huko yalimfungua macho: wakulima waliomilikiwa na makabaila, utawala wa mtu mmoja usioulizwa, na wasomi waliozungumza juu ya udugu huku wakitarajia mataifa madogo yamezwe na taifa kubwa. Alirejea nyumbani mwaka 1844 akiwa na msimamo ambao hakuuacha tena, kwamba Wacheki hawana mkombozi wa kumsubiri kutoka nje na watajengwa na elimu, kazi na haki zao wenyewe.

Safari hiyo ilimpa mambo mawili yaliyomsaidia katika kazi. La kwanza ni taarifa zake kuhusu maisha ya Urusi, zilizowavutia wasomaji kwa kuwa zilieleza mambo aliyoyaona kwa macho yake. La pili ni mashairi mafupi ya kuchoma, aliyoanza kuyaandika huko, yaliyowalenga watawala, viongozi wa dini na wazalendo wa maneno matupu. Aidha, alimpenda sana mwandishi wa Kirusi Nikolai Gogol, bingwa wa kuonesha kasoro za watumishi wa serikali kwa njia ya kicheko, na baadaye alitafsiri kwa Kicheki riwaya yake ya Nafsi Zilizokufa.

Mkosoaji asiyependelea

Jina la Havlíček lilivuma mwaka 1845 kutokana na uhakiki wa riwaya. Josef Kajetán Tyl, mwandishi aliyependwa kuliko wengi na aliyetunga maneno ya wimbo ambao leo ni wimbo wa taifa la Wacheki, alikuwa ametoa riwaya ya kizalendo iliyosifiwa na kila mtu. Havlíček, kijana wa miaka 23, aliandika kuwa riwaya hiyo ilijaa machozi na vifijo lakini haikuwa na maisha wala fikra. Hoja yake ilikuwa kwamba kulipenda taifa hakumwondolei mwandishi wajibu wa kuandika vizuri, na kwamba msomaji wa Kicheki anastahili kitu bora kama msomaji wa taifa lolote lingine.

Wengi walikasirika. Lakini mwanahistoria František Palacký, kiongozi wa fikra wa Wacheki wa zama hizo, aliona kipaji, na kwa pendekezo lake Havlíček alikabidhiwa mwaka 1846 uhariri wa Pražské noviny pamoja na nyongeza yake ya fasihi, Česká včela.

Kuandika chini ya udhibiti

Mazingira ya kazi hiyo yalikuwa magumu. Kila ukurasa ulipitiwa na mdhibiti wa serikali kabla ya kuchapwa, na ilikuwa marufuku kujadili siasa za ndani ya dola. Gazeti lenyewe lilikuwa na hadhi ya gazeti rasmi. Havlíček hakulalamika kwa wasomaji wala hakujificha. Alitafuta mlango uliokuwa wazi na kupitia humo.

Mlango wa kwanza ulikuwa habari za nje. Aliandika kwa mfululizo kuhusu Ireland na harakati za Daniel O'Connell za kudai kwa njia ya amani Bunge la Waayalandi lirejeshwe. Mdhibiti aliziona kuwa habari za nchi ya mbali. Msomaji wa Praha alielewa mara moja kuwa palipoandikwa Ireland panaweza kusomwa Bohemia, na palipoandikwa London panaweza kusomwa Vienna. Athari yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kundi la vijana wanamabadiliko mjini Praha lilijiita Repeal, kwa jina la harakati hizo za Waayalandi.

Mlango wa pili ulikuwa elimu kwa umma. Katika makala kuhusu maana ya jumuiya ya kijiji na mji, alieleza kwa lugha nyepesi yale ambayo leo tungeyaita masuala ya serikali za mitaa: wananchi kuchagua viongozi wao, kusimamia mali ya pamoja na kuwajibishana. Mkulima aliyesoma makala hayo hakuambiwa aipinge serikali. Alielezwa tu jinsi watu wanavyoweza kuendesha mambo yao, kisha akaachwa alinganishe na hali aliyoishi.

Kipindi hicho hakikukosa doa. Mwaka 1846 aliandika uhakiki wa mashairi ya Siegfried Kapper, Myahudi aliyeandika kwa Kicheki, akidai kuwa Wayahudi hawawezi kuwa sehemu ya taifa la Wacheki. Maandishi hayo yaliwaumiza watu waliokuwa wakinyoosha mkono wa urafiki, na yamekosolewa hadi leo. Mwaka 1850 Havlíček aliandika akiunga mkono Wayahudi kupewa haki sawa mbele ya sheria. Badiliko hilo ni sehemu ya wasifu wake kama lilivyo kosa lililotangulia.

Mwaka 1848 na Gazeti la Taifa

Machi 1848 wimbi la mapinduzi lililoanzia Paris lilifika Praha na Vienna. Kaisari Ferdinand alifuta udhibiti wa magazeti na kuahidi Katiba. Aprili 5, 1848 Havlíček alianza kuchapisha Národní noviny, yaani Gazeti la Taifa, kwa msaada wa fedha wa kabaila mwenye mwelekeo wa kizalendo, Vojtěch Deym. Lilikuwa gazeti huru la siasa kwa lugha ya Kicheki, na kwa mara ya kwanza Havlíček aliweza kuandika bila mtu wa serikali kusoma kabla ya msomaji.

Kazi iliyomkabili haikuwa ndogo. Watu ambao hadi Februari ya mwaka huo hawakuruhusiwa kujadili siasa walitakiwa ifikapo majira ya kiangazi wapige kura. Maneno kama Katiba, uchaguzi, mbunge, bajeti na mgawanyo wa madaraka yalikuwa mageni masikioni mwa wengi, na baadhi yake hayakuwa na istilahi iliyozoeleka katika Kicheki. Národní noviny lilibeba jukumu la kuyaeleza. Lugha ya Havlíček ilikuwa ya mkulima aliyeketi mlangoni kwake: sentensi fupi, mifano ya ng'ombe, pombe ya shayiri na kodi, na mzaha pale hoja ilipohitaji kukumbukwa.

Siasa yake ilikuwa ya wastani. Alitaka Austria ibaki dola moja yenye Katiba, ambamo mataifa yote, makubwa kwa madogo, yangekuwa na haki sawa. Aliunga mkono uamuzi wa Palacký wa kukataa kujiunga na Bunge la Wajerumani mjini Frankfurt, na alishiriki katika maandalizi ya Mkutano wa Waslavoni uliofanyika Praha mwezi Juni. Mkutano huo ulipovunjika kutokana na mapigano ya mitaani, ambayo jeshi la Jenerali Windischgrätz liliyazima kwa mizinga, Havlíček hakuwasifu walioshika silaha. Aliamini kuwa maasi yasiyo na maandalizi huwapa wapinzani wa mabadiliko kisingizio wanachokitafuta. Hata hivyo, mwezi Julai alikamatwa, kisha akaachiwa baada ya wananchi kumchagua kuwa mbunge.

Bunge hilo lilikutana Vienna na baadaye kuhamishiwa mji wa Kroměříž. Septemba 1848 lilipitisha sheria iliyofuta kazi za shuruti ambazo wakulima walizifanya katika mashamba ya makabaila, hatua iliyobadilisha maisha ya mamilioni ya watu. Havlíček alishiriki, lakini mwezi Desemba alijiuzulu ubunge. Sababu yake ilikuwa ya mtu anayejua nafasi yake: Bungeni kulikuwa na wenye kuzungumza wengi, lakini gazeti lilikuwa na mhariri mmoja. Mwaka huohuo alikuwa amemwoa Julie Sýkorová, na mwishoni mwa mwaka walipata binti, Zdeňka.

Kibwengo wa gazetini

Desemba 2, 1848 Kaisari Ferdinand aliachia kiti na nafasi yake kuchukuliwa na Franz Joseph, kijana wa miaka 18. Serikali ya Waziri Mkuu Felix Schwarzenberg ilikuwa imekwisha kuamua kurudisha madaraka yote Vienna. Ni wakati huo, mwanzoni mwa mwaka 1849, Havlíček alipoongeza katika gazeti lake nyongeza ya tashtiti iliyoitwa Šotek, jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kuwa Kibwengo.

Kibwengo huyo alifanya kazi ambayo makala ndefu haziwezi kuifanya. Serikali ilipotoa tangazo lenye maneno mazito ya uhuru na vifungu vya kuuminya, gazeti lilichambua vifungu, na Kibwengo akacheka maneno. Msomaji aliyeona ugumu wa kufuata hoja ya sheria aliupata ujumbe kwa njia ya kicheko, kisha akarudi kusoma hoja yenyewe. Havlíček hakuviacha viwili hivyo vitengane. Kejeli yake iliegemea jambo lililotokea na linaloweza kuthibitishwa, na ndiyo maana walioguswa walishindwa kuikanusha.

Machi 4, 1849 serikali ilitangaza Katiba iliyoiandika yenyewe, na siku chache baadaye ikalivunja Bunge la Kroměříž lililokuwa likikamilisha rasimu ya wawakilishi wa wananchi. Havlíček aliandika kuikosoa Katiba hiyo pamoja na namna ilivyopatikana. Alishtakiwa. Aprili 12, 1849 alisimama mjini Praha mbele ya baraza la waamuzi lililoundwa na raia wa kawaida, utaratibu ulioletwa na mabadiliko ya mwaka uliotangulia, akajitetea mwenyewe, na baraza likamwona hana hatia.

Hukumu hiyo ilionesha kuwa sheria mpya ya magazeti ilikuwa ikifanya kazi. Kwa sababu hiyo, watawala walitafuta njia isiyopita mahakamani. Mwezi Mei mwaka huohuo Praha iliwekwa chini ya hali ya hatari, na mamlaka ya kijeshi ikapata uwezo wa kufungia gazeti bila kesi. Gazeti la Národní noviny lilisimamishwa kwa muda, likarudi, na Januari 1850 likafungwa moja kwa moja.

Kutoka Praha kwenda Kutná Hora

Kwa kuwa hali ya hatari ilihusu Praha, Havlíček alihamia Kutná Hora, mji wa kale uliojulikana kwa machimbo ya fedha, ambako sheria za kawaida ziliendelea kutumika. Huko Mei 1850 alianzisha jarida la Slovan. Ukurasa baada ya ukurasa alieleza jinsi ahadi za mwaka 1848 zilivyokuwa zikirudishwa nyuma, moja baada ya nyingine. Aidha, aliandika mfululizo wa barua kuhusu nafasi ya Kanisa katika dola, akipinga viongozi wa dini kutumiwa kama mkono wa utawala. Barua hizo zilikusanywa katika kitabu mwaka 1851 kwa jina la Barua za Kutná Hora. Mwaka huohuo alitoa pia mkusanyo wa makala zake bora za Národní noviny.

Ushirikiano kati yake na wasomaji ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa ukipungukiwa na pumzi. Marafiki wengi wa mwaka 1848 walikuwa wamenyamaza. Wengine walirudi katika utafiti, wengine wakapokea vyeo. Mwaka 1851 serikali ilitoa kanuni mpya zilizoiruhusu kufungia chombo cha habari baada ya maonyo mawili. Slovan lilipewa maonyo hayo. Agosti 1851 Havlíček alilisimamisha mwenyewe kabla ya kufungiwa, akirudi kuishi Německý Brod pamoja na familia yake.

Serikali haikuridhika. Ilimshtaki tena kwa makala mbili za Slovan, na Novemba 12, 1851 akasimama mbele ya baraza la waamuzi mjini Kutná Hora. Kwa mara ya pili raia waliosikiliza ushahidi walimwona hana hatia.

Usiku wa Desemba 16, 1851

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa manane wa kuamkia Desemba 16, kamishna wa polisi aitwaye Dedera alifika nyumbani kwa Havlíček akiwa na askari. Hakukuwa na shtaka jipya wala hukumu. Kulikuwa na amri ya serikali tu, ambayo Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Alexander Bach, kwamba mhariri huyo aondolewe Bohemia. Alipewa muda mfupi wa kuvaa, kufungasha na kuwaaga mke, mama na mtoto, kisha gari la farasi likaondoka naye kuelekea milima ya Tyrol. Siku 15 baadaye, Desemba 31, Kaisari Franz Joseph aliifuta rasmi Katiba ya mwaka 1849. Mabaraza ya waamuzi katika kesi za magazeti nayo yakaondoshwa.

Mji aliopelekwa ni Brixen, ambao leo upo Italia kwa jina la Bressanone. Mwanzoni alilazwa katika nyumba ya wageni iitwayo Elefant, yaani Tembo, iliyopewa jina hilo kwa kumbukumbu ya tembo aliyepitishwa mjini hapo katikati ya karne ya 16 akipelekwa Vienna kama zawadi ya kifalme. Hakufungwa pingu. Alipewa posho, aliruhusiwa kutembea, na mwaka 1852 mkewe na binti yake waliruhusiwa kuungana naye. Lakini alikuwa chini ya uangalizi wa polisi, mbali na lugha yake, bila gazeti na bila wasomaji.

Mashairi ya uhamishoni

Katika mazingira hayo Havlíček aliandika kazi tatu za tashtiti ambazo Wacheki wanazihesabu miongoni mwa hazina za fasihi yao. Ya kwanza, Elegia za Tyrol, inasimulia usiku wa kukamatwa kwake kana kwamba ni kisa cha kuchekesha. Mbwa wa nyumbani, mwenye asili ya Uingereza, nchi yenye sheria ya kumlinda mtu dhidi ya kukamatwa ovyo, anashindwa kuwaelewa wageni wenye sare. Katika kisa maarufu cha shairi hilo, farasi wa gari wanashtuka na kuanza kukimbia mteremkoni bila mwendeshaji. Polisi wanaruka mmoja baada ya mwingine kuokoa roho zao, na mfungwa anabaki peke yake ndani ya gari mpaka linafika salama. Msomaji anacheka, kisha anajiuliza ni nani hasa aliyekuwa na hofu katika gari lile, na ni nani aliyekuwa na dhamiri safi.

Ya pili, Ubatizo wa Mtakatifu Vladimir, inamhusu mungu wa radi wa kale wa Waslavoni, anayekataa agizo la mfalme la kupiga radi katika sherehe za ikulu. Kwa kisa hicho Havlíček alidhihaki utawala unaotaka hata mbingu ifuate ratiba ya serikali, pamoja na wakuu wa dini wanaokimbilia kuchukua nafasi iliyoachwa wazi.

Ya tatu, Mfalme Lávra, ya mwaka 1854, imejengwa juu ya ngano ya Ireland. Mfalme mwema aliyependwa na watu alikuwa na masikio ya punda, akayaficha kwa nywele ndefu. Alinyolewa mara moja kwa mwaka, na kinyozi aliuawa baada ya kazi. Kinyozi mmoja aliyesamehewa kwa machozi ya mama yake alielemewa na siri hiyo, akashauriwa akainong'one ndani ya tundu la mti. Baadaye mwanamuziki aliyepoteza kijiti cha kukazia uzi wa ala yake alikata kijiti kingine katika mti uleule. Karamuni ala ilianza kuimba yenyewe siri ya mfalme mbele ya watu wote. Waswahili wanaosema kuwa siri ya watu wawili si siri wataielewa ngano hiyo bila maelezo. Mwisho wake nao una uzito: mfalme aliendelea kutawala, watu wakazoea masikio yake, na vinyozi wakaacha kuuawa. Kilichokuwa kimewagharimu watu maisha yao ni kule kuficha.

Kazi hizo hazikuchapishwa alipokuwa hai. Zilinakiliwa kwa mkono na kupitishwa kutoka nyumba hadi nyumba, na watu walizikariri.

Kurejea na kifo

Julie alikuwa akiugua kifua kikuu, na mwaka 1854 alirudi Bohemia na mtoto. Havlíček aliomba ruhusa ya kumfuata. Ruhusa ilitolewa mwaka 1855 kwa masharti ya kutojihusisha na siasa. Alipofika nyumbani mwezi Mei alikuta kuwa mkewe alifariki dunia mwezi Aprili, wiki chache kabla, bila yeye kupewa taarifa.

Aliishi Německý Brod chini ya macho ya polisi. Baadhi ya watu aliowajua walivuka barabara ili wasionekane wakimsalimia. Ugonjwa uliomuua mkewe ulikuwa umempata naye, na Julai 29, 1856 alifariki dunia mjini Praha. Watu wengi walijitokeza katika mazishi yake huku polisi wakiangalia ni nani waliohudhuria. Masimulizi ya Wacheki yanasema kuwa mwandishi Božena Němcová aliweka juu ya jeneza lake taji la miiba. Amezikwa katika makaburi ya Olšany, Praha. Binti yake, Zdeňka, alilelewa na jamaa na kuitwa na umma binti wa taifa; naye alifariki dunia kwa kifua kikuu mwaka 1872 akiwa bado kijana.

Urithi wake

Utawala uliomhamisha Havlíček haukudumu ulivyotarajia. Baada ya kushindwa katika vita vya Italia mwaka 1859, Vienna ililazimika kuregeza kamba, na mwaka 1861 magazeti huru ya Kicheki yalianza kuonekana tena. Bunge lilirudi, na Katiba mpya ikapatikana mwaka 1867. Waandishi na wabunge wa kizazi hicho walijifunza siasa kwa kusoma nakala za zamani za Národní noviny na Slovan. Tomáš Garrigue Masaryk, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Chekoslovakia mwaka 1918, aliandika kitabu kizima kuhusu Havlíček mwaka 1896.

Mji wa Kutná Hora ulimjengea sanamu mwaka 1883, Praha na wahamiaji wa Kicheki mjini Chicago wakafuata mwaka 1911. Kijiji alichozaliwa leo kinaitwa Havlíčkova Borová, na mji wa Německý Brod ulibadilishwa jina mwaka 1945 kuwa Havlíčkův Brod.

Maisha ya mhariri huyu yana jambo la kuzingatiwa na kila anayefanya kazi ya habari, awe katika chombo binafsi au katika ofisi ya umma. Havlíček hakuwahi kuitisha ghasia, alitii mahakama, na mara mbili mahakama ilimwachia. Serikali iliyoamua kumnyamazisha nje ya mahakama iliondoa gazeti, lakini ilijiondolea pia njia ya kujua wananchi wanawaza nini. Wananchi nao, wakikosa habari zinazoweza kuthibitishwa, walibaki na nakala za siri na minong'ono. Mashairi yaliyoandikwa Brixen yalisambaa bila mhariri wa kuyajibia wala ofisi ya kuyakanusha. Kwa mwandishi, somo ni kwamba kejeli ina nguvu pale inaposimama juu ya taarifa sahihi. Kwa mtumishi wa umma, somo ni kwamba maelezo ya wazi, yanayotolewa mapema na kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, hujenga imani ambayo amri ya kufungia gazeti haiwezi kuijenga.